Pembe Ndefu Kiasi Gani? Ukweli kwa Mwindaji Mwenyeji wa Iringa na Mbeya

Swali hili naulizwa kila mwaka majani ya miombo yanapoanza kudondoka. Anayeuliza huwa kijana aliyepata leseni yake ya kwanza, au mtumishi wa umri wa kati aliyejinunulia upinde wa kisasa baada ya kutazama video nyingi za wawindaji wa Marekani. Huja na picha kwenye simu: mtu amepiga magoti nyuma ya kulungu wa kule, yule mwenye mkia mweupe, pembe zimetanuka kama matawi ya mkungu. Kisha huuliza: "Mzee, huku kwetu nami nitapata wa ukubwa gani?"

Nimeona nijibu mara moja, kwa urefu, kwa sababu jibu lenyewe huamua mambo mengi. Anayeingia porini na matarajio yasiyo ya kweli hufanya moja kati ya mawili. Ama hupiga mnyama mdogo kwa tamaa na kujuta, ama hurudi mikono mitupu na kinyongo, akidai kwamba pori limekwisha. Yote mawili yanazuilika.

Jibu fupi

Kwa mwenyeji anayewinda kihalali katika nyanda zetu hizi, matarajio ya haki ni haya:

- Pongo (wengine humwita mbawala): dume mzima ana pembe za sentimita 28 hadi 35. Akifika 38, shukuru. Zaidi ya 40 ni bahati ambayo wawindaji wengi hawaipati maishani. Uzito wake ni kilo 40 hadi 80, na wengi huangukia kati ya 50 na 60.
- Tandala mkubwa: dume mzima ana pembe za sentimita 110 hadi 125, ukipima kwa kufuata mzunguko wa pembe. Akipita 130 ni mnyama wa kusimuliwa. Dume mzima huwa na kilo 190 na kuendelea, na wakubwa kabisa hupita 300.
- Tandala mdogo: pembe za sentimita 50 hadi 70, mwili wa kilo 90 hadi 110 hivi.
- Swala pala: pembe za sentimita 55 hadi 65 ni za dume mzuri. Uzito ni kilo 50 hadi 75.

Ikiwa hayo yamekukatisha tamaa, endelea kusoma.

Inchi za Marekani si urefu

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. Kijana husikia kwenye video kwamba kulungu fulani ni "inchi 150", halafu akisikia tandala wetu ni "inchi 47" anaona kama tumeonewa.

Wamarekani hawapimi urefu wa pembe moja. Wanajumlisha. Wanapima shina la pembe ya kulia na la kushoto, kila tawi, unene wa pembe sehemu kadhaa, na nafasi iliyo kati ya pembe mbili. Vyote hujumlishwa, kisha hutolewa tofauti kati ya upande mmoja na mwingine. Chama chao cha wawindaji wa upinde cha Pope and Young, kilichoanzishwa 1961, huandika kitabuni kulungu wa pembe za kawaida kuanzia jumla ya inchi 125. Boone and Crockett, chama cha tangu 1887 ambacho Theodore Roosevelt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kinataka 170 kwa kitabu chake cha kudumu. Hizo ni jumla. Hakuna kulungu mwenye pembe ya mita nne.

Huku Afrika kitabu kinachotajwa zaidi ni cha Rowland Ward, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1892. Chenyewe hutazama pembe ndefu kuliko mwenzake. Kwa tandala wa kusini mwa Afrika, mlango wa kitabu hicho ni inchi 53 na 7/8, karibu sentimita 137. Tandala wa kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida ana pembe fupi kuliko hao, na kitabu humpa fungu lake.

Basi usilinganishe namba za video na namba za hapa. Ni kama kulinganisha debe na kilo.

Kulungu huangusha pembe, pongo haangushi

Tofauti hii ukiielewa, nusu ya somo imekwisha.

Kulungu huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Mwaka wa chakula kingi huweza kumpa pembe nzuri hata akiwa na umri wa kati. Wanyama wetu wa jamii ya swala hawaangushi. Pembe aliyoanza nayo pongo akiwa na miezi kumi hivi ndiyo atakayokufa nayo. Inarefuka taratibu, kisha uzeeni inaanza kulika nchani, kwa sababu dume husugua miti na kuchimbua udongo kwayo.

Kwa hiyo huku kwetu pembe ni umri. Tandala huanza kuota pembe kabla ya kutimiza mwaka. Mzunguko wa kwanza hukamilika akiwa na miaka miwili hivi, na mizunguko miwili na nusu hukamilika anapofika miaka sita. Porini madume wengi hawafiki mbali zaidi ya miaka minane. Maana yake ni kwamba dume mwenye pembe kamili ana miaka miwili au mitatu tu ya kuonekana hivyo kabla simba, ukame au uzee haujamchukua. Ndiyo maana ni wachache, hata katika pori lenye tandala wengi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga tandala jioni, jua likiwa nyuma yake, na pembe zilionekana kama zinagusa mawingu. Nilipomfikia nikachukua futi ya fundi cherehani niliyoibeba mfukoni. Sentimita 88. Mzunguko mmoja na nusu, ncha bado nyembamba na nyeusi, uso hauna kovu hata moja. Alikuwa kijana wa miaka mitatu hivi. Nyama tuliila na hakuna kilichotupwa, lakini yule angekuwa dume mkubwa miaka mitatu mbele, na mimi ndiye niliyemkatisha.

Kabla ya pembe, karatasi

Neno la kisheria la pembe, ngozi, meno na hata nyama ya mnyamapori ni nyara, na nyara zote ni za Serikali mpaka uwe na hati inayosema vinginevyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009 haina mzaha. Kukutwa na nyara bila kibali hufikishwa mahakamani kama kosa la uhujumu uchumi, na watu wamefungwa miaka mingi kwa kipande cha nyama kilichokaushwa.

Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu:

1. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana nyama. Muulize kama mgawo wa uwindaji wa wenyeji umefunguliwa mwaka huo, kwa wanyama gani, na katika eneo gani. Uwindaji wa wenyeji umewahi kusimamishwa na kufunguliwa tena, kwa hiyo usitegemee ulivyokuwa mwaka jana.
2. Soma leseni yako mstari kwa mstari. Mnyama, jinsia, idadi, tarehe, eneo, silaha. Leseni ya pongo haimruhusu tandala, hata akisimama mita kumi mbele yako.
3. Uliza mipaka kwa ramani, usiridhike na maneno ya mdomo. Ndani ya hifadhi za taifa za Ruaha, Kitulo na Udzungwa hakuna uwindaji kabisa. Mapori ya akiba na vitalu vya kitalii vina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na leseni ya mwenyeji si ufunguo wa kila pori.
4. Uliza kanuni za umbali: kutoka kwenye maji, kwenye chumvi, kwenye mpaka wa hifadhi, kwenye makazi. Video za Marekani humwonyesha mtu amekaa juu ya kisima au rundo la mahindi. Usiige kabla hujauliza.
5. Fuatana na askari wa wanyamapori unapotakiwa kufanya hivyo, na umheshimu. Yeye ndiye shahidi wako.
6. Ukimaliza, rudisha taarifa na uombe hati ya umiliki wa pembe na ngozi kabla ya kuzitundika sebuleni.

Njia zifuatazo ni haramu, na mwindaji anayejiheshimu hazigusi: mitego ya waya, sumu, mbwa, mashimo, kurunzi usiku, na kufukuza mnyama kwa gari au pikipiki.

Pori lako linaweza kukupa nini

Ukubwa hautegemei mnyama peke yake. Mahali nako kuna neno.

*Idodi na Pawaga, Iringa.* Ukanda huu unapakana na Ruaha, na watu wake wana historia ndefu ya kusimamia wanyama wenyewe. Miaka ya 1990 vijiji vilianza kupewa mgawo wa uwindaji wa wenyeji katika eneo la Lunda-Mkwambi, na mapato yakaingia vijijini. Mradi uliofuata uliitwa MBOMIPA, Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na vijiji 21 vikaungana katika jumuiya ya hifadhi. Nchi yenyewe ni kavu: migunga, mibuyu, vilima vya mawe. Ni makazi ya tandala wakubwa na wadogo. Lakini kwa kuwa wanyama huvuka mpaka wa hifadhi kwenda na kurudi, dume mzee uliyemwona Agosti anaweza kuwa ng'ambo ya mpaka Septemba. Hutakiwi kumfuata huko.

*Chunya na upande wa Rukwa.* Hapa ni miombo mirefu. Utapata habari za palahala, korongo na kongoni kuliko za pongo. Shughuli za dhahabu, tumbaku na mifugo zimepunguza makazi karibu na barabara. Anayetegemea kuona dume mzee kilomita mbili kutoka kijijini anajidanganya.

*Milima ya Rungwe na Mufindi.* Pongo yupo kwenye makorongo yenye misitu, pembezoni mwa mashamba ya chai na ya miti. Ni mnyama wa vichaka vizito, anayetembea peke yake, anayejua kuishi karibu na watu. Kwa tabia yeye ndiye aliye karibu zaidi na yule kulungu wa Marekani. Lakini sehemu kubwa ya misitu hii ni hifadhi au mali ya makampuni. Kumwona si kibali cha kumpiga.

Kanuni ya jumla: kadiri pori linavyofikika kwa urahisi, ndivyo madume wake wanavyokuwa vijana. Wazee wako mbali, au wako kwenye kichaka ambacho wengine wamekidharau.

Namna ya kukadiria ukiwa porini

Hutaweza kumfunga futi mnyama aliye hai. Tumia mwili wake kama rula.

*Kwa pongo:*

- Linganisha pembe na sikio. Pembe zikiwa sawa na sikio au zimezidi kidogo, huyo ni kijana, mwache. Zikifika mara mbili ya sikio, huyo ni dume mzima.
- Tazama rangi. Dume kijana ni mwekundu wa hudhurungi. Kadiri anavyozeeka anakuwa mweusi zaidi, na manyoya ya shingoni hupungua kama mtu aliyevaa kola kwa miaka mingi.
- Tazama ncha. Ncha kali na nyembamba ni za ujana. Ncha butu zilizolika ni za uzee.

*Kwa tandala mkubwa:*

- Hesabu mizunguko. Mmoja na nusu, mwache. Miwili na ncha bado zinatazamana ndani, mwache pia. Miwili na nusu, ncha zimefunguka nje na zimekuwa nyeupe, huyo ndiye.
- Tazama shingo na ndevu za kooni. Mzee ana shingo nene na ndevu ndefu, na hutembea kwa uzito.
- Usimkadirie jua likiwa nyuma yake, wala akiwa juu ya kilima. Anga humwongezea kila mnyama pembe.

*Usiwachanganye tandala wawili.* Kosa hili hutokea sana Pawaga. Tandala mdogo mzima hudhaniwa ni mtoto wa tandala mkubwa, au kinyume chake, na leseni inakuwa si ya mnyama aliyelala chini. Tandala mdogo ana mabaka mawili meupe shingoni, moja karibu na koo na jingine karibu na kifua, mistari myembamba 11 hadi 14 mwilini, na hana ndevu za kooni. Tandala mkubwa ana mistari michache, 6 hadi 10, na dume wake ana ndevu zinazoning'inia kooni. Ukiwa na shaka, teremsha silaha.

Kwa anayetaka kutumia upinde

Wapo wengi sasa, na nawaelewa. Upinde unamlazimisha mtu kulijua pori. Lakini sikilizeni kwa makini.

Kwanza, upinde si bunduki, lakini mnyama ni yule yule na leseni ni ile ile. Usidhani kwamba kwa kuwa hukuupeleka polisi kuandikishwa, basi uko huru nao porini. Omba idhini ya kuutumia kwa maandishi kutoka ofisi ya wanyamapori. Bila karatasi hiyo, uache nyumbani. Wala usijitetee kwa mfano wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Wale wanawinda kwa desturi ya jamii yao katika ardhi yao, na ruhusa yao haihamishiki kuja kwako. Mishale yao ya sumu kwako ni kosa.

Pili, punguza matarajio yako kwa nusu. Mwenye bunduki anaweza kumchagua dume mzee mita 120 ng'ambo ya korongo. Wewe unamhitaji ndani ya mita 25. Katika umbali huo dume mzee atakuwa ameshakunusa kabla hujamwona. Utakutana zaidi na vijana na majike. Kama lengo lako ni pembe ndefu, upinde ndiyo njia ngumu kuliko zote. Kama lengo lako ni kujifunza uwindaji wenyewe, ni mwalimu asiye na mfano.

Tatu, jua hesabu ya sauti. Mshale wa upinde wa kisasa huenda mita 80 hadi 90 kwa sekunde. Sauti ya uzi huenda mita 340. Mnyama akiwa mita 30, sauti humfikia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mshale huchukua zaidi ya theluthi. Katika nafasi hiyo pongo mwenye wasiwasi huinama na kuruka. Mshale uliolenga moyo unapita juu ya mgongo, au unaingia pasipotakiwa. Kwa hiyo:

- Usipige zaidi ya mita 25, hata kama nyumbani unalenga vizuri mita 50.
- Usimpige mnyama aliyekwisha kukutazama.
- Mpige akiwa amekuonyesha ubavu, au amegeuka kidogo kukupa kisogo. Kamwe si uso kwa uso.
- Lenga nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Mshale huua kwa kutoa damu, hauna mshtuko wa risasi.
- Chembe iwe kali kiasi cha kunyoa nywele za mkono. Ikigusa udongo, inoe upya au badilisha.
- Fanya mazoezi ukiwa umekaa, umechuchumaa na umevaa koti. Asubuhi ya Julai Mbeya hutapiga ukiwa na shati jepesi.

Baada ya kupiga

Hapa ndipo mwindaji hujulikana.

1. Kaa kimya. Kumbuka mti aliosimama na upande alioelekea.
2. Soma damu. Ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Nyeusi nzito ni ya ini. Yenye majimaji ya kijani na harufu ni ya tumbo.
3. Subiri. Mapafu, nusu saa. Ini, saa tatu au nne. Tumbo, saa sita au zaidi. Ukimkimbiza mapema atasukumwa mbali, na utampoteza.
4. Mfuate mkiwa wawili, mmoja akitazama chini, mwingine akitazama mbele. Pongo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Hugeuka na kushambulia kutoka kichakani, na pembe zake fupi zilizonyooka huchoma kama visu.
5. Asipopatikana, toa taarifa. Mnyama uliyemjeruhi mhesabu kuwa ni wako. Usiendelee kuwinda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kupima kwa haki

Tumia futi ya chuma nyembamba. Ile ya kitambaa huvutika kwa miaka na kukudanganya. Anza chini kabisa pembe inapotoka kwenye ngozi, fuata mgongo wa mzunguko bila kuruka bonde, malizia nchani. Pima pembe zote mbili na uandike iliyo ndefu. Andika pia unene wa shina, kwa sababu shina nene na ncha butu ni ushahidi wa uzee hata kama urefu si mkubwa. Wamarekani huacha pembe zikauke siku 60 kabla ya kipimo rasmi. Ni desturi nzuri ya kuiga, maana pembe mbichi hupungua kidogo.

Kisha tazama meno. Magego yaliyolika hadi kuwa bapa yanakuambia zaidi kuliko futi. Pongo wa sentimita 29 mwenye magego bapa ni nyara ya heshima kuliko wa 33 mwenye magego makali.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

- Kukubali dume wa kwanza siku ya kwanza. Ukiwa na siku nne za kuwinda, siku mbili za mwanzo ziwe za kutazama.
- Kwenda bila darubini. Huwezi kuhesabu mizunguko kwa macho matupu.
- Kuamini masimulizi ya kambini. Kila kambi ina tandala wa sentimita 150 aliyeonekana jana na mtu ambaye leo hayupo.
- Kusahau nyama. Pongo wa kilo 60 hukupa kilo 30 hivi za nyama na mifupa. Panga chumvi, magunia safi na usafiri kabla ya kupiga.
- Kuchelewa kutoa matumbo. Joto la Pawaga Oktoba huharibu nyama ndani ya saa chache.
- Kurusha picha mitandaoni kabla ya hati. Unajitengenezea ushahidi wa kesi.

Mashaka yenu, na majibu yangu

*"Nikimwacha mimi, mwingine atampiga."* Inawezekana. Lakini vijiji vya Pawaga vilionyesha kwamba watu wakikubaliana mgawo na kuulinda, wanyama wanabaki. Anza na leseni yako wewe.

*"Nimelipa pesa, sitaki kurudi bure."* Ulicholipia ni ruhusa ya kuwinda, si mnyama. Anayetaka uhakika wa kitoweo aende bucha la nyamapori lililosajiliwa. Tangu kanuni za 2020 biashara hiyo ina utaratibu wake wa halali.

*"Pembe kubwa zina soko?"* Usiguse wazo hilo. Pembe yenye hati ni kumbukumbu yako. Kuiuza au kumpa mtu bila kibali ni njia fupi ya kwenda mahabusu.

*"Mbona watalii wanapata wakubwa?"* Wanalipa kwa siku nyingi, wanaongozwa na wawindaji bingwa wanaokaa na kitalu hicho msimu hadi msimu, na huwakataa madume kumi kabla ya kumpiga mmoja. Siri si bunduki yao. Siri ni wale kumi.

Mpango wa msimu wako wa kwanza

Nikikushika mkono, ningekupangia hivi. Mwaka wa kwanza, omba leseni ya swala pala au pongo, si tandala. Kabla ya msimu, nenda Ruaha kama mgeni wa kawaida, lipa kiingilio, kaa na darubini asubuhi hadi jioni, na ukadirie pembe za kila dume bila silaha mkononi. Andika kwenye daftari: umri uliodhani, mizunguko, sikio, rangi. Ukishakadiria madume thelathini, jicho litaanza kukuambia ukweli.

Kisha weka kiwango chako kwa maandishi, kwa mfano: "Pongo mweusi, pembe mara mbili ya sikio, shingo imelika." Kibandike ndani ya kifuniko cha daftari. Asubuhi mapigo ya moyo yatakapokuzidi na dume akasimama kwenye ukingo wa korongo, soma hicho kwanza.

Baada ya yule wa sentimita 88, nilikaa misimu mitatu bila kupiga tandala yeyote. Msimu wa nne, karibu na kilima cha mawe, alitoka dume mwenye ncha nyeupe na shingo nene, upande mmoja wa pembe umevunjika kidogo. Nilihesabu mizunguko mara mbili. Alikuwa na sentimita 117 upande mzima, 109 upande uliovunjika, na magego yake yalikuwa bapa kama kokoto za mtoni. Asingeimaliza masika. Fuvu lake liko barazani kwangu, hati yake iko kabatini, na wajukuu wakiuliza huwa nawaonyesha meno kwanza, ndipo pembe.